Chembe nano za zinki kwenye mahindi: jinsi ya kutenganisha kilichonata, kilichoyeyuka na kilichoingia

Unga wa zinki oksaidi wenye chembe za nanomita 20 hadi 50 unauzwa na wauza kemikali, mbegu za mahindi zipo kila mahali, na mashine ya kusoma zinki ipo katika maabara nyingi za udongo. Ndiyo maana jaribio hili linapendwa na wanafunzi. Kulifanya ni rahisi, kulikosea ni rahisi zaidi. Ukishamwagia mmea mtawanyiko wa chembe hizo, zinki inaweza kuwa imenata juu ya mzizi ikiwa bado chembe, imeyeyuka majini ikawa ayoni (atomu yenye chaji ya umeme), au imeingia ndani ya mmea. Mashine inasoma zinki tu, haijui ilitoka wapi. Kazi yote ya mtafiti ni kuitenganisha kabla haijafika mashineni.

Mlango ni mwembamba

Chembe huitwa nano ikiwa na ukubwa wa nanomita 1 hadi 100. Vitundu vya ukuta wa seli ya mzizi ni vidogo: vingi havizidi nanomita 5, na vile vikubwa hufika kama 20. Chembe ya nanomita 50 haipiti kwenye ukuta mzima usio na jeraha, na zile zilizoshikamana zikawa donge la nanomita 400 ndiyo kabisa. Ndogo zinazopenya husafiri ndani ya kuta, katikati ya seli na seli, mpaka zikutane na mkanda wa Caspary, ukanda usiopitisha maji unaozizunguka njia za katikati ya mzizi. Hapo ama zimezwe na utando wa seli, ama zikwame. Penye upenyo ni sehemu mbili: ncha ya mzizi, ambako mkanda haujakamilika, na pale mizizi ya pembeni inapochomoza na kupasua tabaka za nje kutoka ndani.

Utafiti wa mahindi uliochapishwa 2015 ulionyesha hivyo hasa. Chembe za zinki oksaidi zilionekana kwenye ngozi ya mzizi, kwenye gamba lake la ndani na kwenye ncha. Chache zilifika katikati kupitia penye mizizi ya pembeni. Kwenye shina na majani hazikuonekana. Zinki iliyokuwa imepanda juu ilikuwa imeyeyuka kwanza, na nyingi ilikuwa imeshikwa na fosfeti.

Ayoni, kwa upande wake, hazibishi hodi. Zinki ni lishe, na mmea una njia zake maalumu za kuipokea. Mahindi, kama jamaa zake wa jamii ya nyasi, hata hutoa mizizini kemikali za kukamata chuma na zinki, na kemikali hizo zinaharakisha kuyeyuka kwa chembe zilizo karibu. Kwa hiyo ukikuta zinki nyingi kwenye jani, dhana ya kwanza iwe kwamba iliingia ikiwa ayoni. Anayesema ziliingia chembe ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Funga kwanza milango ya zinki nyingine

Zinki imetapakaa mno katika mazingira ya kazi, na majaribio mengi huharibika kabla mbegu haijaloweka. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati hayafai, kwa kuwa mabati yamepakwa zinki. Mabomba mengi ya chuma pia. Tumia maji yaliyokenekwa, na yasome mashineni kabla ya kuyaamini. Glovu na vizibo vya mpira hutengenezwa kwa kutumia zinki oksaidi, basi vaa glovu za plastiki. Losheni nyingi za kukinga jua na krimu za watoto zina zinki oksaidi vilevile: mtu aliyejipaka asubuhi asiguse mizizi mchana.

Mbegu zenye rangi nyekundu au kijani za dukani zimepakwa dawa. Baadhi ya dawa za ukungu, kwa mfano mankozebu, zina zinki na manganizi ndani yake. Tafuta mbegu zisizopakwa, za msimu mmoja na aina moja. Vyombo vya kioo na plastiki vilowekwe usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha visuuzwe mara tatu.

Kutawanya unga

Usiamini ukubwa ulioandikwa kwenye chupa. Huo ni ukubwa wa chembe mojamoja ikiwa kavu. Ndani ya maji zitashikamana. Kama unaweza kufikia hadubini ya elektroni, piga picha na upime angalau chembe 100. Kipimo cha mtawanyo wa mwanga kinaonyesha ukubwa wa donge ndani ya maji, na namba hizo mbili zikitofautiana mara kumi usishangae. Andika zote mbili.

Pima unga ndani ya kabati la kuvutia hewa, feni za chumba zikiwa zimezimwa, na barakoa ya kuzuia vumbi laini ikiwa usoni. Miligramu 200 za unga kwenye mililita 200 za maji zinakupa akiba ya gramu 1 kwa lita. Lowanisha unga kwanza kwa matone machache ya maji uwe uji, ndipo uongeze maji mengine. Ukimimina yote kwa pamoja utabaki na vidonge vinavyoelea. Weka chupa kwenye bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika 30, ukiongeza barafu kila maji yanapopata joto, maana joto hubadilisha kasi ya kuyeyuka na ya kushikamana. Kifaa cha mawimbi hayo kinachochovywa ndani ya chupa kina nguvu zaidi na dakika chache hutosha, lakini ncha yake ya titani humong'onyoka kidogo kidogo. Kwa zinki si neno. Kwa jaribio la titani ni balaa.

Tumia akiba ndani ya saa moja, na uikoroge wakati wote unapovuta kwa pipeti. Anayevuta kutoka chupa iliyotulia humpa mmea wa kwanza maji na wa mwisho matope.

Makundi ya kulinganisha

Hapa ndipo jaribio linapokufa au kupona. Kando ya maji matupu na viwango vya chembe (10, 50, 100, 500 na 1000 mg kwa lita vinatosha kuanzia), unahitaji makundi matatu zaidi.

La kwanza ni zinki oksaidi ya kawaida, ya chembe kubwa za mikromita, kwa kipimo kilekile cha uzito. Bila hilo huwezi kusema lolote kuhusu unano.

La pili ni ayoni peke yake, kutoka zinki salfeti. Wengi hukosea hesabu hapa. Miligramu 100 za zinki oksaidi zina miligramu 80.3 za zinki, na kuzipata kutoka salfeti yenye molekuli saba za maji unahitaji miligramu 353. Lakini ukiweka kiasi hicho chote kwa lita, mizizi itaungua, kisha utaandika kwamba chembe nano ni salama kuliko chumvi. Ulinganifu huo hauna haki: katika maji yasiyo na asidi, chembe hutoa miligramu chache tu za zinki kwa lita. Kundi la ayoni lifuate kiasi kilichoyeyuka kweli, kama ulivyokipima. Kundi la jumla yote liwepo pia ukipenda, likiwa dari ya juu.

La tatu ni maji ya chembe bila chembe: mtawanyiko uliokaa saa 24, ukazungushwa kwenye sentrifuji na kuchujwa. Linabeba ayoni pamoja na uchafu wowote wa kiwandani. Kama chembe zako zimepakwa sitreti au polima, ongeza kundi la kipako hicho peke yake; polima nyingine zina sumu zake.

Kuotesha kwenye sahani

Safisha mbegu kwa hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 1 hadi 2 kwa dakika 10, suuza mara tano. Weka karatasi ya chujio kwenye sahani ya sentimita 15, mililita 10 za mtawanyiko, na mbegu 10 zilizoachana. Funika, ziba ukingo, weka gizani kwenye nyuzijoto 25. Karatasi ikianza kukauka ongeza maji matupu. Ukiongeza mtawanyiko unakuwa umepandisha dozi bila kuiandika.

Sahani ndiyo kipimo kimoja, mbegu siyo. Sahani moja yenye mbegu 10 haikupi marudio 10. Andaa sahani tano kwa kila kundi na uzipange kwa kura ndani ya kabati, kwa sababu rafu ya juu huwa na joto kuliko ya chini.

Mwongozo wa 1996 wa mamlaka ya mazingira ya Marekani unasimamisha jaribio pale angalau asilimia 65 ya mbegu za kundi la maji zimeota na kutoa mizizi ya milimita 20. Kwa mahindi hali hiyo hufika mapema. Siku tano zinatosha. Pima urefu wa mzizi mkuu kwa rula, na uangalie pia rangi ya ncha, unene, na kama vinyweleo vipo.

Usitegemee asilimia ya kuota. Ganda la mbegu ni ngao, na kiinitete kina akiba yake ya chakula, hivyo kuota huonyesha madhara kwenye dozi kubwa mno tu. Daohui Lin na Baoshan Xing, katika kazi yao ya 2007 iliyojaribu mimea sita, waliona zinki oksaidi ya nano ikizuia kuota kwa mahindi kwa 2000 mg kwa lita, ilhali mizizi ya figili ilifupishwa nusu kwa takriban 50 mg kwa lita tu, na ya rapa na nyasi rai kwa takriban 20. Waliona pia kwamba madhara hutokea mzizi unapokua ndani ya mtawanyiko, si wakati mbegu inaloweka. Mzizi ndio shahidi.

Karatasi ya chujio nayo hunasa chembe, na mzizi unaotambaa juu yake haukutani na dozi uliyoiandika. Wanaotaka kulikwepa hilo huotesha kwenye agari laini iliyochanganywa na chembe kabla haijaganda, jambo linalosaidia hasa kwa chembe nzito zinazozama upesi.

Miche ndani ya maji

Ili kupima kilichoingia unahitaji miche mikubwa kidogo. Ikuze kwa siku saba hadi kumi kwenye myeyusho wa kawaida wa lishe uliopunguzwa hadi robo, kisha ihamishie kwenye myeyusho wa chembe usio na lishe hiyo. Fosfeti hushika zinki ikawa chumvi isiyoyeyuka, na EDTA, kemikali ya kukamata metali inayobeba chuma kwenye lishe, huyeyusha zinki oksaidi mbele ya macho yako. Ukiviacha humo, hupimi tena chembe ulizonunua. Weka nitreti ya kalsiamu pekee, milimoli 0.5 kwa lita, yaani miligramu 118 za chumvi yenye molekuli nne za maji. Kalsiamu hulinda utando wa mizizi isivuje.

Miche itavumilia hivyo saa 48 hadi 72. Ukipita hapo, njaa huanza kuonekana na utaiita sumu. Funika chombo kwa karatasi ya alumini ili mizizi isione mwanga, pitisha hewa kwa pampu ya tangi la samaki, badilisha mtawanyiko kila saa 24. Pima pH kila asubuhi. Mizizi inatoa asidi, na pH ikishuka kuelekea 5 zinki oksaidi huyeyuka kwa kasi. Jaribio lililoanza likiwa la chembe linaisha likiwa la ayoni.

Kupima kilichoyeyuka

Chujio la mikromita 0.22 halitenganishi chochote hapa. Tundu lake ni nanomita 220, na chembe ya 30 inapita ikicheka. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote. Tumia mirija ya sentrifuji yenye utando wa kilodaltoni 3 (kipimo cha uzito wa molekuli), unaopitisha ayoni na kuzuia chembe, na umwage kiasi cha kwanza kinachopita, kwa sababu utando mpya hunywa ayoni. Kama huna mirija hiyo, chukua mfuko wa dayalisisi, yaani wa utando unaopitisha ayoni tu, wenye maji matupu, uzamishe ndani ya mtawanyiko saa 24, kisha soma zinki iliyoingia mfukoni.

Chora kilichoyeyuka dhidi ya dozi. Kwa pH isiyobadilika mstari utapanda kisha utalala, kwa sababu maji yameshiba. Hapo umepata kipimo kizuri bila mashine ya ghali: kama mizizi inaendelea kudhurika wakati mstari umelala, kuna jambo jingine zaidi ya ayoni zilizo majini. Huenda ni chembe zilizoganda juu ya mzizi zikiziba vitundu na kupunguza maji, au zinayeyuka palepale ngozini, ambako asidi ni kali kuliko majini. Kama madhara nayo yamelala, umeshapata jibu: ni ayoni.

Kuosha, kukausha, kuyeyusha

Chembe za zinki oksaidi zina chaji chanya kwenye pH ya kawaida, na ute wa mzizi una chaji hasi. Zinanata. Mzizi unaoonekana safi bado umebeba zinki nyingi nje yake. Suuza mara tatu kwa maji, uloweke kwenye EDTA ya sodiamu ya milimoli 10 kwa dakika 15, suuza tena. Kisha upime uoshaji wenyewe: chukua miche iliyokua kwenye maji matupu, chovya mizizi ndani ya mtawanyiko kwa dakika moja tu, ioshe kwa utaratibu uleule. Zinki itakayobaki ni ile ambayo kuosha kwako hakuiondoi, na usiihesabu kuwa imeingia. Watu wachache hufanya kundi hili. Lina thamani kuliko dozi mbili za ziada.

Tenga mizizi na shina kabla ya kukausha, ukianza kukata juu ili kisu chenye zinki ya mizizi kisiguse majani. Kausha kwa nyuzi 65 hadi uzito usibadilike. Mche mmoja ni mwepesi mno, hivyo changanya miche yote ya chombo kimoja na uihesabu kuwa sampuli moja. Gramu 0.2 iingie kwenye mililita 5 za asidi ya nitriki kali, ilale usiku kucha ndani ya kabati la hewa, ipashwe taratibu hadi nyuzi 120 mpaka moshi wa kahawia uishe. Ipoe, ongeza mililita 1 ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 tone kwa tone, pasha tena, jaza hadi mililita 25. Kila kundi la sampuli liwe na chupa mbili tupu zilizopitia hatua zote, na unga mmoja wa majani wenye zinki iliyothibitishwa. Ukipata chini ya asilimia 90 au zaidi ya 110 ya thamani yake, rudia.

Mashine ya kunyonya mwanga husoma zinki kwenye nanomita 213.9, na mstari wake hunyooka hadi kama miligramu 1 kwa lita, kwa hiyo sampuli za mizizi zitahitaji kuzimuliwa. Kwa vipimo hivi, zidisha namba ya mashine kwa 125 upate miligramu kwa kilo ya mmea mkavu. Ukisoma 0.6 kwenye majani una 75, na huo ni mmea wenye afya: majani ya kawaida huwa kati ya 20 na 100 hivi. Yakipita 300 tegemea manjano kwenye majani machanga, maana zinki nyingi huvuruga chuma.

Picha na mitego yake

Doa jeusi kwenye picha ya hadubini ya elektroni si chembe mpaka lithibitishwe. Osmiamu, urani na risasi zinazotumika kutia rangi vipande vya mmea huacha vitone vyeusi vya ukubwa uleule. Elekeza kipima-eksirei kwenye doa na uone kilele cha zinki. Ukifanya kazi ya shaba, usitumie wavu wa shaba kubebea kipande. Tumia wa nikeli. Na hata kilele cha zinki kinasema elementi tu. Kujua kama bado ni oksaidi au imekuwa fosfeti kunahitaji eksirei za sinkrotroni, mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali sana.

Ukibadilisha metali

Fedha huyeyuka polepole, na ayoni zake ni sumu kali, lakini kloridi ya maji ya bomba huzigeuza kuwa chumvi isiyoyeyuka na kuficha madhara. Shaba hufanana na zinki kwa tabia, ila huua mizizi kwa dozi ndogo zaidi. Seri oksaidi haiyeyuki sana, kwa hiyo inafaa kwa swali la kama chembe zenyewe zinapanda. Dhahabu inafaa zaidi, ila lazima uiyeyushe kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na haidrokloriki. Titani oksaidi haiyeyuki kwa nitriki peke yake, na mwanga wa jua huiamsha ikatoa oksijeni haribifu, basi jaribio lake lifanywe gizani na kwenye mwanga.

Kwenye udongo hesabu hubadilika. Udongo una zinki yake ya asili, mara nyingi makumi ya miligramu kwa kilo, na dozi ndogo humezwa humo isionekane. Kwenye udongo wenye asidi zinki oksaidi huyeyuka ndani ya siku au wiki, na mmea haukutani na chembe. Kwenye udongo wa chokaa, kama ule wa juu ya matumbawe ya pwani, hukaa muda mrefu. Changanya mtawanyiko na sehemu ndogo ya udongo kwanza, kisha hiyo na udongo wote, na uache wiki moja kabla ya kupanda. Ukinyunyizia majani, funika udongo kwa plastiki, vinginevyo yanayodondoka yatapanda kupitia mizizi. Na pima jani jipya lililochipua baada ya kunyunyiza, kwa sababu lile lililolowa halioshiki likaisha.

Maji yote yaliyobaki yakusanywe kwenye ndoo yenye lebo. Pandisha pH hadi 9 hivi kwa chokaa, acha matope yatulie siku mbili, pima zinki ya maji ya juu kabla ya kuyamwaga, na matope yapelekwe pamoja na taka za kemikali za maabara.